Sauti ya Bibi Emerensiana

Lipangalala, Ifakara
5 Machi 2023

Mdogo wangu Violeth,

Tumsifu Yesu Kristo. Siku hizi wewe ndiye mtawa mtarajiwa na ndiye wa kunianza kwa salamu hiyo, lakini leo nimekuwahi.

Huku tunaendelea. Mama bado yuko Malinyi kwa kaka Evarist, anapalilia mpunga huku akigombana na magoti yake. Edna mke wangu anakusalimu. Mtoto Raimundi ameanza kusimama, anashika kila kitu na kukiangusha. Bibi Emerensiana anasema India ni nyuma tu ya milima ya Mahenge, kwa hiyo ukichoka kula majani ya watu urudi ule ubwabwa. Anselim naye, yule yule anayechana tiketi mlangoni kwangu, kaniagiza nikuambie kwamba sanduku ulilomtesa nalo mpaka stesheni bado linamuuma bega.

Kuna jambo la kutisha limetokea. Unamkumbuka Paskalia, aliyekuwa akiuza vitumbua? Mwezi uliopita alikutwa amekufa kwenye kibanda chake cha shamba, ng'ambo ya Kivukoni. Tukasema presha, tukazika. Wiki mbili baadaye Mama Teofili naye kakutwa kwenye kibanda chake, na safari hii kanga ilikuwa bado imefungwa shingoni. Wote wawili walikuwa wakilala shambani peke yao. Bibi Emerensiana ndiye aliyewaosha wote, kama kawaida. Alirudi hajasema neno, akalala na viatu.

Polisi wanakuja, wanauliza, wanaondoka.

Sasa nina shida, na wewe peke yako unaweza kunisaidia. Nimepata flashi yenye picha ya Kihindi, ila si kile Kihindi tulichozoea. Ni cha huko uliko, Kimalayalam, maneno yanamwagika kama mtu anasuuza mchele. Haina maandishi chini. Ninachoona ni hiki: kuna mji wa maji na minazi, wasichana wanauawa mmoja mmoja, stelingi ni inspekta mwenye kikohozi, na kila panapookotwa maiti anatokea bibi kizee na taa ya mkononi. Basi. Nani adui? Yule bibi ni nani?

Unajua nafasi yangu ya kutafsiri video. Watu hawaji kibanda umiza kwangu kuangalia picha, wanakuja kunisikiliza nikitafsiri. Tafadhali waulize wenyeji, uniandikie upesi. Simu najua mliziacha mlangoni kwa Mama Mlezi.

Kaka yako,
Beno


Novisiati, Kerala
14 Aprili 2023

Kaka Beno,

Shikamoo. Na milele amina kwa salamu yako, ingawa nimeichelewa. Barua yako ilifika wakati wa Kwaresima, na Kwaresima wanovisi hatupewi barua. Mama Mlezi alinikabidhi baada ya Pasaka, ikiwa imefunguliwa kama zote zinavyofunguliwa, akaniuliza, "Kaka yako anafanya kazi ya polisi?" Nikamwambia hapana, anasema badala ya Wahindi wa kwenye picha. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Mimi ni mzima. Joto la huku ni lile la Ifakara kabla ya mvua, tofauti ni kwamba hapa halina mwisho. Wali tunakula kila siku, kwa mkono kama sisi, ila mchele wao ni mwekundu na mnene, ukiumeza unajua umemeza. Kimalayalam changu kinatosha kuomba chumvi na kuomba radhi.

Habari ya Paskalia na Mama Teofili imenikaa moyoni. Paskalia alikuwa akinipa kitumbua kilichopasuka bila kulipa. Nimewaombea Misa hapa. Mwambie Mama asithubutu kulala shambani peke yake, hata kama Malinyi ni mbali na hapo.

Picha yako siijui, wala sinema hatuangalii. Lakini tuna mpishi, Aleyamma, mama wa makamo, ambaye anajua kila picha iliyotoka jimbo hili. Nitamweleza habari za inspekta anayekohoa na bibi mwenye taa. Nipe muda. Kiswahili hakijui, Kiingereza chake ni kama Kimalayalam changu, kwa hiyo tutaelewana kwa mikono.

Usianze kuionyesha kabla sijakuandikia.

Bibi Emerensiana hajambo? Umesema alilala na viatu, ukaishia hapo. Kuosha watu waliouawa si sawa na kuosha waliokufa kitandani. Mama alipokuwa Malinyi yeye ndiye alinilea, namjua, akinyamaza ujue kazidiwa. Keti naye. Mpelekee tumbaku yake.

Msalimie Anselim, mwambie sanduku lilikuwa na vitabu vya sala, bega litabarikiwa.

Mdogo wako,
Violeth


Lipangalala
30 Aprili 2023

Violeth,

Hatujambo, Raimundi ana meno manne, mpunga umependeza, na mto umejaa mpaka Kivukoni chini ya daraja maji yananguruma. Barua yako sijaiona. Labda hukupata yangu, labda iko njiani. Sikuweza kungoja.

Mdogo wangu, nimewapiga! Jumapili ya kwanza watu walijaa hadi madirishani. Unajua nilivyofanya? Nikaketi na picha mara mbili, nikaitunga mwenyewe. Inspekta nikampa jina, Afande Kifua. Na yule bibi mwenye taa ndiye niliyemfanya adui. Mchawi! Anawanyonga wasichana, kisha anarudi na taa kuhesabu kazi yake. Inakubaliana kabisa na picha, maana kila maiti inapookotwa, yupo. Anawaangalia usoni kwa muda mrefu, anaondoka bila kulia.

Nikawa natafuta sauti ya kumpa. Ikanijia yenyewe. Nikampa ya Bibi Emerensiana! Ile ya puani, na ile "wanangu wee" yake ya kuvuta. Kila taa ikitokea kwenye kioo mimi napaza: "Wanangu weee, mbona mnaniangalia hivyo? Mimi nimekuja kuwaosha tu!" Kibanda kizima chali. Mtu mmoja alimwaga karanga zake zote. Wamenilazimisha kuirudia Jumapili tatu. Watoto mtaani wanaigiza. Anselim anasema tangu tufungue kibanda hajawahi kukataza watu mlangoni, sasa anawakataza.

Ila kicheko kina kisirani. Juzi Gaudensia amekutwa shambani kwake, kanga shingoni, kama Mama Teofili. Huyu ni wa tatu. Wanawake sasa wanalala shambani kwa makundi, na wanaume wanazunguka na mapanga. Afande mmoja mgeni kutoka Morogoro kaweka kituo shuleni.

Bibi yupo. Hasikii vizuri siku hizi, sidhani hata kama anajua habari za picha. Nilipompelekea tumbaku aliuliza kwa nini watoto wakimwona wanakimbia.

Niandikie basi, ingawa sasa sina shida tena.

Beno


Novisiati, Kerala
3 Juni 2023

Kaka Beno,

Shikamoo. Mvua za huku zimeanza, nguo hazikauki, na dada mmoja kutoka Songea ameugua malaria kana kwamba ametoka Ifakara jana. Mimi mzima. Nimemaliza salamu, nisikilize.

Barua yako ya Aprili nimekabidhiwa jana. Nimeisoma nikiwa nimesimama jikoni, na Aleyamma akaniuliza nani amekufa.

Tayari alikuwa amekwisha kunieleza ile picha. Ameiona mara nyingi, anaililia kila mara. Kaka, yule bibi si mchawi, wala si adui. Ni mama. Binti yake ndiye wa kwanza kupotea, kabla picha haijaanza, na mwili wake haukupatikana. Kwa hiyo kila akisikia kuna maiti imeokotwa, anawasha taa anakwenda kuangalia kama ni mwanawe. Ndiyo maana anawaangalia usoni kwa muda mrefu. Halii kwa sababu si yeye, na anaona aibu kufurahi mbele ya mama wa mwingine. Hayo ndiyo anayosema pale unapomfanya mchawi: "Samahanini. Si wangu. Mungu amlaze."

Muuaji ni daktari anayepasua maiti. Mwishoni anaeleza sababu zake kwa hotuba ndefu, Aleyamma anasema hapo huwa anakwenda kuchota maji. Anachokingojea yeye ni mama kumpata mwanawe.

Sasa fikiri ulichofanya. Umemchukua mtu aliyefiwa ukamfanya muuaji, ukampa sauti ya Bibi. Bibi yetu, Beno! Ambaye kweli amekwenda kwa kila mwanamke aliyekufa, kwa sababu ninyi wenyewe ndio mnaomwita! Na mtaa mzima una hofu, na watu wana mapanga mikononi. Umeandika kwamba watoto wanamkimbia, kisha ukaendelea na habari nyingine.

Izime hiyo picha. Simama mbele ya watu useme ulitunga. Mwondoe Bibi pale nyumbani kwake, mpeleke Malinyi kwa Mama hadi muuaji apatikane. Nimemwomba Mama Mlezi nikupigie simu. Amesema simu ni kwa ajili ya msiba tu.

Fanya leo.

Violeth


Lipangalala
2 Julai 2023

Violeth,

Hatujambo. Barua yako ya tarehe tatu imefika juzi. Ile ya Aprili ilitangulia kidogo.

Picha nimeizima. Kibanda nimekifunga kwa sasa. Uvunaji umeanza, watu wengi wako mashambani. Raimundi anatembea. Edna yuko kwao kwa muda, alitaka kupumzika.

Ulichosema kuhusu yule mama kwenye picha nimekisoma. Nimekirudia kukisoma.

Sina mengi. Nitaandika tena.

Beno


Novisiati, Kerala
30 Julai 2023

Kaka,

Shikamoo. Baada ya salamu nina swali moja tu.

Bibi Emerensiana yuko wapi?

Nimeisoma barua yako mbele na nyuma. Edna yuko kwao, na mtu akipumzika mwezi wa kuvuna huwa ni mgonjwa au amekasirika. Kibanda kimefungwa. Umeniandikia mistari ambayo ingeenea kwenye kiganja, wewe ambaye huwa unajaza hadi pembeni. Na jina la Bibi halimo, hata kwenye salamu. Tangu nimeingia huku hakuna barua yako isiyokuwa na neno la Bibi.

Kama amekufa niambie amekufa. Namba ya Mama Mlezi unayo, nilikuachia kwa ajili ya msiba. Kama hukuipiga kwa sababu si msiba, nitashukuru. Kama hukuipiga kwa sababu nyingine, sijui nitafanya nini.

Usiandike habari za meno ya mtoto. Nijibu.

Violeth


Lipangalala
20 Agosti 2023

Violeth,

Bibi yu hai. Nimeanza na hilo ili uweze kusoma yanayofuata.

Ilikuwa Jumapili ya tarehe nne Juni, siku moja tu baada ya wewe kuandika ile barua. Saa nane mchana. Nilikuwa natafsiri. Tulikuwa tumefika pale yule mama anapoinama kwenye mtumbwi na taa yake, nami nikapaza ile sauti, "wanangu weee". Hawakucheka. Siku zote wanacheka pale. Nikageuka kuwaangalia. Mtu akasema kutoka nyuma, kwa utaratibu kabisa, "Sasa huyu si yule yule wa hapa kwetu?" Mwingine akajibu, "Na kila maiti yupo." Kisha Anselim akaifungua milango yote miwili, mwanga ukaingia, akasema, "Kama kwenye picha! Twendeni tukamuulize!"

Wakatoka. Kibanda kikabaki mimi na yule mama kwenye kioo.

Nilidhani wanakwenda kuuliza. Kweli nilidhani hivyo. Nilipotoka nikaona moshi.

Bibi alikuwa anapepeta mchele uani kwake. Walimuuliza nini sijui, na kwa vile hasikii vizuri aliitikia tu, anavyoitikia kila kitu, "Ee, wanangu wee." Waliposikia maneno hayo kutoka mdomoni mwake, Violeth, wakapiga kelele. Maneno yake mwenyewe, aliyokuwa nayo kabla sisi hatujazaliwa. Nyasi za paa zilikuwa kavu, wakazitia moto. Yeye akarudi ndani kutoa picha ya babu, mlango ukamwangukia, akausukuma kwa mikono.

Mimi nilikuwa nyuma ya watu. Mimi ambaye napiga kelele saa tatu mfululizo bila kunywa maji. Nilifungua mdomo na sauti haikutoka. Nilisimama hivyo, mdomo wazi.

Aliyemtoa ni Mzee Muhidin wa dukani na mkewe Mwanamkasi. Bi Mwanamkasi aliingia amejitanda gunia lililoloweshwa, akambeba mgongoni kama mtoto. Wakamwingiza dukani kwao. Watu wakawafuata hadi mlangoni. Mzee Muhidin akasimama kizingitini na kanzu yake ina masizi, akasema, "Huyu ameosha mama zenu. Mkitaka kumchoma anzeni na mimi, halafu mwende mkaniombee dua." Hakuinua sauti. Wakabaki wanatazamana. Yule afande wa Morogoro akafika, wakatawanyika.

Mikono yake imeungua hadi viwiko. Alilazwa mwezi mzima. Edna aliniambia, "Sitaki mwanangu ajifunze kusema kutoka kwako," akabeba Raimundi akaondoka. Ndiyo sababu sikukupigia. Ningesema nini kwenye simu? Kwa sauti ipi?

Bado hujasikia yote.

Katikati ya Julai, asubuhi, mtu alimvamia Mama Levina kibandani kwake shambani, wenzake wakiwa wameshatangulia kuvuna shamba la jirani. Mama Levina unamjua, anatwanga gunia peke yake. Alimng'ata mkono hadi mfupa, akapiga yowe, wavunaji wakaja na miundu wakamzingira. Wakamfunua shati alilojifunika usoni.

Ni Anselim.

Nimeliandika jina, nikaenda nje, nikarudi. Ni Anselim. Polisi walimpitisha kwenye vibanda vyote vitatu, akaonyesha mwenyewe mahali alipoingilia. Wakakuta kwake kanga ya Gaudensia, pacha wa ile iliyokutwa shingoni, ameitandika kitandani. Mtu aliyekuwa akikaa mlangoni kwangu. Jumapili zote zile mimi namwita Bibi muuaji kwa kipaza sauti, yeye amekaa pale pale anachana tiketi, anacheka na watu. Alikuwa akiniomba niirudie. Nikadhani anaipenda.

Niliruhusiwa kumwona kituoni kabla hawajampeleka Morogoro. Nilikwenda nikitaka aniambie sababu. Kwenye picha zote nilizotafsiri adui husema sababu mwishoni. Nikamwuliza, "Anselim, kwa nini?" Aliniangalia kama namuuliza njia ya sokoni. Akasema, "Bata wangu hawajala. Uwapitie."

Basi. Hakusema kingine, kwangu wala kwa polisi.

Sijui nifunge vipi barua hii.

Beno


Novisiati, Kerala
17 Septemba 2023

Beno,

Barua yako ilikuwa mezani kwa Mama Mlezi. Aliisoma kwa msaada wa dada wa Songea kabla ya kunipa, kisha akanikalisha akanishika mikono kwanza. Nilipofika kwenye jina la Anselim niliirudisha barua mezani.

Nilimsalimia, kaka. Kwa mkono huu nilimwandikia kwamba bega lake litabarikiwa. Siku ile ya stesheni alinisubiri hadi treni ilipoondoka, akakimbia kandokando akinipungia, akanirushia chungwa dirishani. Nililila. Nimekuwa nikijaribu kukumbuka uso wake uwe mbaya, haukubali. Unabaki uso wa Anselim tu. Hilo ndilo linaloniondolea usingizi.

Kukuhusu wewe, sitakudanganya kwa sababu navaa nguo za kitawa. Nina hasira nawe. Naomba rozari, nikifika katikati nagundua nimekuwa nikigombana nawe badala ya kusali. Anselim aliua watu watatu, na hayo yatakuwa ya mahakama. Lakini Bibi hakuchomwa na Anselim peke yake.

Usiniombe mimi msamaha. Sikuungua mimi. Nenda ukakae mbele yake, hata akikugeuzia mgongo. Hata akikutemea mate.

Mama Mlezi amesema sasa naweza kupiga simu. Nimekataa. Nataka kwanza nisikie kutoka kwako kwamba umekwenda.

Mwambie Bibi kwamba namwosha mikono kila jioni, kwa mawazo.

Violeth


Lipangalala
24 Oktoba 2023

Mdogo wangu Violeth,

Tumsifu Yesu Kristo. Mama amerudi kutoka Malinyi, anakusalimu, magoti ni yale yale. Edna amerudi nyumbani. Hatuongei sana, ila amerudi. Jua ni kali, mashamba yamechomwa, na kila mtu anangoja mvua.

Nimekwenda.

Bibi yuko kwa Mzee Muhidin tangu alipotoka hospitali, amekataa kuhamia kwetu. Siku ya kwanza alinigeuzia mgongo kama ulivyosema. Ya pili pia. Nikawa nakwenda, nakaa kwenye ngazi ya duka, narudi. Bi Mwanamkasi alikuwa ananiletea chai bila kunisemesha. Waliochoma nao walikuja, na kuku, na mchele, mmoja akapiga magoti barabarani. Bibi aliagiza mlango ufungwe.

Siku moja mimi nikiwa pale nimekaa, akasema nyuma yangu, "Beno."

Nikasema, "Naam, bibi."

"Hiyo picha yenu. Huyo mwanamke mliyenifananisha naye. Aliua kweli?"

Nikamwambia hapana. Nikamsimulia kama ulivyoniandikia, kwa kupaza kidogo kwa sababu ya masikio yake: binti aliyepotea, taa, kila maiti anakwenda kuangalia, "samahanini, si wangu". Alisikiliza huku ameilaza mikono mapajani, viganja juu, haijakunjuka bado. Kisha akasema, "Kumbe alikuwa anatafuta mtoto wake tu." Na baadaye, "Ulilijua hilo wakati unanipa sauti yangu kwake?"

"Sikulijua, bibi. Nilitunga."

"Kawaambie hivyo. Nami nije nisikie."

Nikafungua kibanda Jumapili iliyopita, baada ya Misa. Sikuweka mtu mlangoni. Nilitangaza kwamba anayetaka aingie tu. Nilifikiri hawatakuja, wakaja, wakasimama hadi barabarani, na hakuna aliyekuwa na karanga. Bibi aliletwa na Edna upande mmoja na Bi Mwanamkasi upande wa pili. Watu wakagawanyika kumpisha. Wakamkalisha mbele kabisa.

Nikasema, "Picha niliyowatafsiria nilikuwa siijui. Kila neno la yule mama nililitunga, na sauti niliiiba. Leo nitasema alichosema."

Nikawasha. Mara ya kwanza taa ilipotokea nilisema kwa sauti yangu mwenyewe, "Huyu ni mama. Anatafuta mwanawe." Mara ya pili nikasema, "Samahanini. Si wangu. Mungu amlaze." Watu wawili wakanyanyuka wakatoka wameinamisha vichwa. Nawajua. Sikuwataja, na wewe sikutajii.

Ikafika ile sehemu ambayo Aleyamma wenu anaingojea. Wanachimbua ukingo wa mto, mama anaitwa, anainama na taa, na safari hii ni mwanawe. Violeth, hasemi kitu. Analia tu, dakika nyingi, bila neno. Mimi nimeshika kipaza sauti na sina cha kutafsiri. Zamani pale nilikuwa nimeweka kicheko cha kichawi.

Ndipo Bibi akaanza. Sikujua ni yeye, nilidhani ni picha. Alianza chini chini, kile kilio chetu cha msiba cha Kindamba, kisha akapanda. Akamwita Paskalia. Akamwita Mama Teofili, lakini kwa jina lake la usichana, ambalo wengi wetu hatukuwahi kulijua. Akamwita Gaudensia. Akawasemesha kila mmoja jinsi alivyomkuta, nywele zake, miguu yake yenye matope ya shamba, na kwamba alimsafisha vizuri, asiwe na wasiwasi. Mwanamke mmoja nyuma akaitikia. Mama Levina akaitikia. Kisha wote, kibanda kizima, na walioko barabarani. Hao wanawake walizikwa kwa woga, watu wakiangaliana kwa pembe za macho, hakuna aliyewalilia hivyo. Nilizima jenereta ili kelele yake isiwaingilie. Mzee Muhidin alikuwa amesimama mlangoni amevua kofia yake, anafuta macho kwa kofia hiyo hiyo.

Hatukuimaliza picha. Ilipokwisha ile sauti watu walitoka taratibu, mmoja mmoja, wakipita mbele ya Bibi wakiinama, "Shikamoo, bibi." Aliitikia wengine. Wengine hakuwaitikia, na aliwajua ni nani.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Niliinama. Nikasema shikamoo.

Hakuitikia. Akasema, "Mvua haziko mbali, na mimi sitaki kufia dukani kwa watu. Kesho uje pale kwangu na jembe na kibao cha kufyatulia matofali. Wewe utafyatua. Mimi nitakaa pembeni nikuangalie, likiwa limepinda nitakwambia uvunje uanze upya."

Leo nina matofali yasiyofika arobaini. Yaliyovunjwa ni mengi kuliko hayo.

Piga simu sasa. Piga ya Mzee Muhidin, namba nimeiandika nyuma ya karatasi hii, jioni huwa anakaa na Bibi.

Kaka yako,
Beno